Nambari Arobaini na Saba

Jumamosi saa nne napanda ngazi za Ngara,
juu ya duka la miwani, juu ya fundi cherehani,
hadi mlango unaofungwa kwa kamba.
Nina miaka hamsini na minane
na najifunza kufungua mdomo.

Siku ya kwanza Mwalimu Nafuna aliniambia, "Lala chini,"
akaniwekea tumboni kitabu cha nambari za simu,
kile kinene, cha enzi za simu za waya.
"Kipandishe. Kishushe. Usikazane.
Pumzi si gunia, mzee, haibebwi begani."
Nikatazama dari, madoa ya mvua za juzi,
na Nairobi nzima ya zamani,
majina na nambari zisizoitika tena,
ikapanda na kushuka juu ya kitambi changu.

Miaka thelathini nilikuwa dalali.
Nilisimama juu ya kreti ya soda, yadi za Viwandani,
nikauza friji zingali na baridi yake,
vitanda vya watoto, mashine za kusaga, jeneza moja.
Mara ya kwanza! Mara ya pili!
Sauti yangu ilivuka ukuta, ikavuka reli.
"Debe tupu," mke wangu alinitania,
lakini debe lilikuwa limejaa,
limejaa vyombo vya watu.

Kisha koo likajiuzulu.
Daktari alinionyesha picha: nyuzi mbili nyeupe
na vinundu viwili kama punje za mtama.
*Nyamaza mwezi mzima*, akaniandikia kwenye karatasi,
kana kwamba naye amekatazwa kusema.
*Kisha tafuta mtu akufunze upya.*

Basi natetemesha midomo, brrrr,
kama mtoto anayeendesha gari la waya.
Nainua kaakaa kama mtu anayeficha miayo kanisani.
Navuta "mu" moja mpaka pua iwashe.
Nikipaza, Mwalimu hunikata:
"Usiniuzie. Hakuna mnunuzi humu.
Niimbie mimi, niko hatua mbili tu."

Hatua mbili.
Sikuwahi kusema na mtu aliye karibu hivyo.

Wiki ya sita kalamu ilinidondoka,
ikabingirika chini ya piano.
Nikapiga magoti, nikaona, kwa rangi nyeupe,
kwenye ubao wa chini ambao hakuna apigaye deki:
47.
Naijua saba yangu. Huifunga mkanda kiunoni,
alivyonifunza baba.

South C, mvua ya Aprili, wapagazi wanne.
Msichana wa miaka kumi hivi alitoka na taulo
akaifunika piano isilowe,
akatembea nayo hadi kwenye lori, mkono juu yake,
kama anayemsindikiza mgonjwa.
Deni lilikuwa la nani, sikumbuki.
Taulo nalikumbuka: jekundu, limeunguzwa na pasi pembeni.
Ilienda kwa elfu kumi na nane.
Lile taulo tuliliacha langoni.

"Umeipata?" Mwalimu aliuliza.
"Nimeipata," nikasema, na kalamu nikaishika juu
ili aone ni kalamu.
Nikaanza kuhesabu miaka usoni mwake,
nikaacha njiani.

Piano hiyo ina kibonye kimoja bubu, katikati kabisa.
Ukikibonyeza, husikii ila ubao ukigonga ubao.
Mwalimu hupanda ngazi ya sauti,
akifika hapo hunitazama, kidole kimezama,
na kazi ya kulijaza pengo ni yangu.

Leo sikupaza. Nilisubiri hewa ishuke
mpaka pale kitabu cha simu kilipokuwa kikilala,
nikaitoa noti, ndogo, ina mkwaruzo,
ya mtu mmoja, hatua mbili.
Nafuna hakusema vizuri wala vibaya.
Aliinua kidole, akaendelea na kibonye kinachofuata.

Chini yetu cherehani ilinyamaza kidogo.
Labda uzi ulikatika tu.